Programu za baada ya masomo na za kiangazi California: fedha zimeongezeka, ubora umekwama wapi?

#1 Mama Baraka (San Diego)

Salaam wanajukwaa. Naomba tulizungumze jambo hili kwa kina, kwa kuwa wengi wetu tulioko California tunawakabidhi watoto kwa programu za baada ya masomo kila siku ya kazi, na kiangazi kikifika tunawakabidhi tena kutwa nzima, lakini ni nadra kuulizana wanafanya nini huko.

Fedha zipo. Wapiga kura wa jimbo hili walipitisha Hoja ya 49 mwaka 2002, ambayo ndiyo iliyoupa nguvu mfuko wa ASES, unaotoa ruzuku kwa programu za baada ya masomo, na mwaka 2021 Bunge la jimbo likaanzisha mpango mkubwa zaidi uitwao ELO-P. Kwa mpango huo wilaya ya shule inapaswa kumpatia mtoto wa kuanzia chekechea hadi darasa la sita saa tisa kwa siku, ukijumlisha za darasani na za baada ya masomo, na siku 30 nyingine wakati shule zimefungwa. Bajeti yake imefikia dola bilioni 4 kwa mwaka.

Sasa nieleze ninachokiona nikienda kumchukua mwanangu wa darasa la tatu. Watoto wameketi kwenye meza ndefu za bwalo, kila mmoja na karatasi ya kutafuta maneno iliyorudufiwa mpaka herufi za pembeni zimekatika, na kijana mmoja mwenye filimbi shingoni anazunguka akiwaomba wanyamaze. Mwanangu huimaliza karatasi ile kwa dakika chache, kisha hulaza kichwa mezani akinisubiri. Kiangazi kilichopita hali ilikuwa hiyo hiyo, isipokuwa joto lilizidi.

Dai langu ni kwamba tatizo si uhaba wa fedha. Tatizo ni kwamba hakuna anayekagua kinachofanyika kuanzia saa nane na nusu, kengele inapolia, hadi saa kumi na mbili jioni. Nikosoeni.

#2 Mpenda Takwimu (Columbus, Ohio)

Ahsante kwa kuufungua uzi huu. Kuhusu bwalo nakuamini, ila kauli kwamba hakuna anayekagua inahitaji kurekebishwa. Jimbo lenu lina viwango 12 vya ubora wa programu hizi, na sheria ya mwaka 2014, SB 1221, inazitaka programu zinazopewa ruzuku zijitathmini, ziandike mpango wa kujirekebisha, ziutekeleze, kisha zijitathmini upya. Ukaguzi upo, lakini programu ndiyo inayojikagua yenyewe.

Jimbo kwa upande wake limezoea kufuatilia mahudhurio, kwa sababu ruzuku ya ASES hukokotolewa kwa kila mtoto na kila siku aliyohudhuria. Msimamizi wa kituo anajua kwamba orodha ya mahudhurio ikiwa na dosari atapoteza fedha, na kwamba karatasi ya kutafuta maneno haitampotezea senti. Hapo ndipo ningeanza kutafuta jibu.

#3 Pwani Kusini (Long Beach)

Tusisahau kumshukuru Schwarzenegger, ambaye akiwa gavana aliileta Hoja ya 49 na fedha zikaanza kumiminika mara moja. Bila yeye tusingekuwa hata na bwalo la kulilalamikia.

#4 Mpenda Takwimu

Ndugu Pwani Kusini, shukrani zako ni za haki, lakini mpangilio wa miaka sivyo ulivyokuwa. Hoja ya 49 ilipigiwa kura Novemba 2002, yeye akiwa raia mwenye umaarufu wa sinema, na ugavana aliupata Oktoba 2003. Fedha nazo hazikumiminika mara moja, kwa kuwa hoja yenyewe iliweka sharti kwamba mapato ya jimbo yakue kwanza, na sharti hilo lilitimia katika mwaka wa bajeti wa 2006–2007. Hapo ndipo dola milioni 550 kwa mwaka zilipoanza kutolewa.

#5 Kijana wa Filimbi (Sacramento)

Nimejiita hivyo kwa sababu kazi hiyo niliifanya nikiwa chuoni, na ningependa Mama Baraka aujue upande wa pili wa meza.

Zamu ilikuwa ya saa tatu na nusu kwa siku. Niliingia dakika chache kabla ya kengele, nikapokea watoto 20, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa mhudumu mmoja chini ya ASES, nikagawa maziwa na tufaha, nikasimamia kazi za nyumbani, kisha nikatakiwa kufundisha "somo la kukuza vipaji" ambalo sikuwa nimelipwa hata dakika moja ya kuliandaa. Karatasi ya kutafuta maneno ni kimbilio la mtu asiye na muda wa maandalizi. Niliipenda kazi ile, lakini duka la vifaa vya ujenzi lilipotangaza nafasi ya saa nane kwa siku na bima ya afya, niliondoka, na wenzangu wengi waliondoka kwa njia hiyo hiyo.

Mama Baraka anasema tatizo si fedha, na mimi nasema ni fedha kabisa. Tazameni ruzuku ya ASES ilivyokuwa: dola 7.50 kwa mtoto kwa siku kuanzia 2006, na haikuguswa hadi 2017, ilipopandishwa kuwa dola 8.19. Katika muda huo kima cha chini cha mshahara jimboni kilipanda kutoka dola 7.50 kwa saa mwaka 2007 hadi dola 10.50 kwa waajiri wakubwa mwaka 2017. Gharama ya mhudumu ilikuwa inapanda na kipato cha kituo kimesimama pale pale kwa zaidi ya miaka kumi. Kituo hupunguza kwanza saa za maandalizi, kisha mafunzo, kisha humwajiri yeyote atakayekubali.

#6 Mwalimu Mngulu (Morogoro)

Nimeusoma uzi huu kwa makini ingawa niko mbali. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na tuisheni za jioni nimezisimamia kwa miaka mingi.

Kijana wa Filimbi ametaja maandalizi, nami namuunga mkono, lakini kuna swali linalotangulia: saa hizo za ziada zina kusudi gani? Kwetu kusudi lilijulikana, mtihani. Mtoto alitoka darasani saa nane, akala muhogo, akarudi kufanya maswali ya miaka iliyopita mpaka giza linaingia. Waliokuwa wanaelewa waliendelea kuelewa, na wasiojua kusoma waliketi nyuma wakinakili ubaoni maandishi wasiyoyafahamu. Saa ziliongezeka, na mtoto wa nyuma hakupata chochote kipya. Kwa hiyo nikisikia "saa tisa kwa siku" nauliza saa hizo zimepangwa kwa ajili ya mtoto yupi.

#7 Binti Bukavu (Louisville, Kentucky)

Mwalimu, shikamoo. Umeligusa hasa jambo lililotukuta sisi tuliokuja kama wakimbizi.

Wadogo zangu walipofika hapa kutoka kambini, mmoja aliwekwa darasa la tano kwa sababu ya umri wake, wakati hajawahi kusoma kitabu cha Kiingereza. Programu ya kwanza ya jioni aliyoingia ilikuwa ya kumaliza kazi za nyumbani, na mhudumu alimwandikia majibu kwa huruma ili karatasi ijae. Hakujifunza neno. Mwaka uliofuata tulimhamishia programu nyingine yenye bustani ya mboga na timu ya mpira, na huko alilazimika kuomba jembe, kubishana kuhusu mpira uliotoka, kusoma maelekezo kwenye pakiti ya mbegu. Kiingereza chake kilifunguka ndani ya muhula mmoja.

Kwa hiyo naona tatizo liko kwenye mambo yanayofundishwa. Programu ikiirudia shule, mtoto aliyeshindwa asubuhi atashindwa tena jioni, naye amechoka zaidi.

#8 Wakili Nyando (Kisumu)

Hamjambo. Ningependa kuongeza kwamba Kenya iliyajibu maswali haya kwa njia ya sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kulazimishwa tuisheni wakati wa likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi laki moja, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kabla ya hapo waziri Mutula Kilonzo alikuwa ameipiga marufuku mwaka 2012. Hoja ilikuwa kwamba likizo ni ya mtoto. Inashangaza kwamba huko Marekani serikali inailipia likizo ijae masomo, na huku tunatishia jela kwa jambo linalofanana nalo.

#9 Mwalimu Mngulu

Marahaba, Binti Bukavu.

Wakili, sheria ninaiheshimu, lakini wewe mwenyewe unaishi Kisumu na bila shaka unajua tuisheni imehamia wapi: sebuleni kwa walimu na kwenye kumbi za makanisa. Marufuku haikumpatia mtoto mahali pazuri pa kwenda mchana wa likizo. Mzazi aliye kazini hana budi kumweka mwanawe mahali fulani.

#10 Wakili Nyando

Hilo silikatai, Mwalimu, na binti yangu mwenyewe wamemfuata nyumbani kwa ujumbe wa simu wakimwita darasani. Lakini sheria ililenga kumlinda mtoto dhidi ya kutozwa ada kwa jambo ambalo mwalimu alipaswa kulifundisha muhula ukiendelea, na ulinzi huo California haikuuhitaji kwa kuwa programu zinazozungumzwa hapa kwa kiasi kikubwa ni za bure.

#11 Mama Baraka

Ahsanteni nyote. Kijana wa Filimbi, maneno yako yamenifanya nimtazame yule kijana wa bwaloni kwa jicho jingine, na leo nilimsalimu kwa jina. Hata hivyo bado sijaridhika kwamba mshahara unaeleza kila kitu. Kituo cha shule ya jirani kinalipa kiwango kile kile, na watoto wake walionyesha maroboti ya maboksi mwezi uliopita. Nini kinawatofautisha?

#12 Mpenda Takwimu

Nilikuwa nasubiri swali hilo. Tafiti za jumla za programu hizi mara nyingi huleta majibu ya kukatisha tamaa, kwa sababu huchanganya kituo cha maroboti na kituo cha karatasi kisha hutoa wastani. Tathmini ya kitaifa ya vituo vinavyofadhiliwa na serikali ya shirikisho, iliyofanywa na shirika la utafiti la Mathematica na kukamilika 2005, haikuona ongezeko la maana la alama kwa watoto wa shule za msingi, ingawa watoto walijihisi salama zaidi baada ya masomo.

Baadaye Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan walikusanya tafiti nyingi na kuzigawa makundi mawili. Makala yao ilitoka 2010. Programu zilizokuwa na sifa nne, yaani stadi zinazofundishwa hatua kwa hatua, mtoto anayeshiriki badala ya kusikiliza, muda maalumu uliotengwa kwa kazi hiyo, na lengo linalotajwa waziwazi, zilileta mafanikio katika tabia na masomo. Zilizokosa sifa hizo hazikuleta mabadiliko ya kuonekana. Maroboti ya shule ya jirani pengine yana sifa zote nne, na bustani ya Binti Bukavu pia.

#13 Msimamizi wa Zamu (Oakland)

Nimekuwa msomaji tu mpaka leo, lakini kwa kuwa ninasimamia kituo cha baada ya masomo, ni vyema nieleze tathmini inavyofanyika, maana Mpenda Takwimu amesema kweli kwamba tunajikagua wenyewe.

Chombo cha tathmini tunachokitumia kilianzia Michigan na sasa kimeenea majimbo mengi. Mtazamaji huketi pembeni na daftari, haulizi chochote, anaandika anachokiona na kukisikia. Baadaye hulinganisha maandishi yake na kila kipengele na kutoa alama 1, 3 au 5. Vipengele vimepangwa kwa ngazi: usalama chini kabisa, kisha mazingira ya kumsaidia mtoto, kisha mahusiano, na juu ushiriki, yaani kama mtoto alipata nafasi ya kupanga, kuchagua na kutafakari alichokifanya.

Niwape mfano wa wiki hii. Nilimtazama mhudumu akiongoza shughuli ya kujenga daraja kwa vijiti vya aiskrimu. Usalama alipata 5 karibu kila mahali: njia za kutokea ziko wazi, maji yapo, hakuna aliyetukanwa. Ushiriki akapata 1. Sababu ni kwamba alikuwa ameshachora mfano wa daraja ubaoni na kila mtoto akalinakili. Tulipoketi baadaye nilimuuliza ingekuwaje kama angesema tu, "Daraja libebe kitabu hiki, nanyi amueni lifananeje," na yeye mwenyewe akaona kilichopotea. Mazungumzo hayo yalichukua robo saa. Robo saa hiyo ndiyo kazi yenyewe ya ubora, na vituo vingi haviifanyi, kwa sababu alama zikishajazwa kwenye mfumo msimamizi anarudi kutafuta mtu wa kuziba zamu.

Kuna utafiti wa mwaka 2012 uliohusu mzunguko huo wa kutazama, kupanga na kufundishana, ambapo vituo viligawanywa kwa bahati nasibu. Vituo vilivyoupitia viliboresha namna ya kufundisha, na wahudumu wao walikaa kazini muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, Kijana wa Filimbi, mshahara una uzito wake, lakini hata kusaidiwa kuifanya kazi vizuri humfanya mtu abaki.

#14 Kijana wa Filimbi

Msimamizi, kama ningepata mtu wa kuketi nami robo saa huenda ningekaa muhula mmoja zaidi. Kodi ya nyumba isingeniruhusu kukaa miwili.

#15 Dereva wa Alfajiri (San Diego)

Mimi ni baba wa watoto wanne na naendesha lori, na ninaona mnajadili mambo ya ndani ya chumba huku watoto wengi hawafiki chumbani.

Karatasi ya kutia saini ya kituo chetu ina safu ya jina, safu ya muda, saini ya mzazi na namba ya sababu ya kuondoka mapema. Ukiitazama jioni utaona nusu ya ukurasa imejaa saa kumi, saa kumi na robo. Tunawachukua mapema kwa sababu gari ni moja, au kaka mkubwa anamaliza shule yake saa ile, au madrasa inaanza. Shughuli nzuri ya daraja inaanza saa kumi na moja kasoro, mwanangu akiwa tayari ndani ya gari. Kiangazi ndiyo kabisa, maana programu ya mwaka juzi iliisha saa sita mchana na haikuwa na basi. Ni mzazi gani wa zamu anaweza kumfuata mtoto saa sita?

Kwa maoni yangu ubora wa kwanza ni mtoto kuwepo.

#16 Mpenda Takwimu

Dereva, utafiti mkubwa wa programu za kiangazi unakuunga mkono. Shirika la utafiti la RAND lilifuatilia wilaya tano za shule, Boston, Dallas, Pittsburgh, Rochester na Duval kule Florida, kuanzia kiangazi cha 2013, kwa watoto waliokuwa wamemaliza darasa la tatu. Programu zilikuwa za bure, za kutwa, za wiki tano au sita, zenye chakula na usafiri. Vuli ya mwaka huo watoto waliopewa nafasi kwa bahati nasibu walikuwa mbele kidogo katika hisabati, ila si katika kusoma. Baada ya kiangazi cha pili, wale waliohudhuria siku 20 au zaidi walionekana kuwa mbele katika hisabati na katika kusoma. Lakini wengi walioandikishwa hawakuonekana kabisa, hasa kiangazi cha pili, ingawa basi lilikuwepo.

#17 Binti Bukavu

Hapo tuwe waangalifu. Wanaohudhuria siku 20 huenda ni watoto wa familia zilizotulia zaidi tangu mwanzo. Siku zenyewe zinaweza kuwa dalili tu ya jambo jingine.

#18 Mpenda Takwimu

Ni kweli, na watafiti wenyewe wanaitenganisha sehemu hiyo na ile ya bahati nasibu. Walijitahidi kulinganisha watoto wanaofanana, lakini shaka yako ina msingi.

#19 Pwani Kusini

Pamoja na hayo, hakuna anayebisha kwamba kiangazi kinawarudisha nyuma watoto wa maskini. Hilo limethibitishwa mjini Baltimore tangu zamani, na ndiyo sababu ya kuweka siku 30.

#20 Mpenda Takwimu

Wapo wanaobisha, ndugu yangu, na kwa hoja nzito. Karl Alexander, Doris Entwisle na Linda Olson waliwafuatilia watoto wa Baltimore kuanzia darasa la kwanza mwaka 1982, na walionyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo kati ya matajiri na maskini ilitokana na viangazi. Baadaye Paul von Hippel na wenzake walirudia hesabu kwa mitihani ya kisasa zaidi, na pengo hilo la kiangazi likawa dogo au likapotea, kwa sababu namna mtihani wa zamani ulivyopimwa ilikuwa inalikuza. Kwa mtazamo huo pengo lipo tayari kabla mtoto hajaingia shule. Hata hivyo kiangazi kinabaki kuwa nafasi ya kumsaidia aliye nyuma, awe amerudi nyuma kiangazi au hapana.

#21 Pwani Kusini

Umenisahihisha mara mbili katika uzi mmoja, Mpenda Takwimu. Nikija Columbus utanilipia chakula.

#22 Mwalimu Mngulu

Mmeizungumza Baltimore, sasa niruhusuni niwapeleke India, kwa kuwa huko jambo hili lilijaribiwa. Shirika la Pratham lina njia ya kuwapanga watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa: mmoja anatambua herufi, mwingine neno, mwingine aya, mwingine hadithi. Juni 2008, katika jimbo la Bihar, walimu wa shule za serikali waliendesha kambi za kiangazi za mwezi mmoja kwa njia hiyo, na watoto walisonga mbele. Cha kushangaza ni kwamba walimu walipopewa mafunzo na vitabu ndani ya mwaka wa masomo, hakukuwa na maendeleo. Mwalimu ni yule yule, ila muhula ukianza anarudi kukimbizana na silabasi. Baadaye jimbo la Haryana lilitenga saa moja kila siku kwa kazi hiyo, likaweka wasimamizi wa kuifuatilia, na watoto wakasonga mbele katika Kihindi hata muhula ukiendelea. Tafiti hizo zilifanywa na akina Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer.

Mdogo wake Binti Bukavu hakuwa mtoto wa darasa la tano. Alikuwa mtoto wa ngazi ya herufi mwenye miaka ya darasa la tano. Saa za jioni na za kiangazi zina uhuru ambao saa za asubuhi hazina, na uhuru huo unapotea mkiwapanga watoto kwa madarasa yale yale mezani.

#23 Msimamizi wa Zamu

Mwalimu, hili nimelielewa na nitalijaribu, ingawa kuna kikwazo. Sheria yetu inataka mhudumu mmoja kwa watoto 10 wa chekechea na mmoja kwa 20 wa madarasa ya juu. Nikichanganya umri kwa kufuata kiwango cha kusoma, hesabu ya wahudumu inavurugika, na mkaguzi atakagua hesabu hiyo kabla hajakagua kusoma. Naweza kuwachanganya wa darasa la pili hadi la tano kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki.

Na kuna jambo la kupanga kabla ya wakati. Julai 2025 serikali ya shirikisho ilizuia fedha za vituo vya jamii vya kujifunzia, vinavyoendesha programu kama hizi, kote nchini, kisha ikaziachia mwezi huo huo baada ya malalamiko. Wiki zile tulikuwa tunaajiri kwa ajili ya Agosti. Mtu mzuri hakusubiri uamue.

#24 Binti Bukavu

Nusu saa siku tatu inatosha kuanzia. Naomba usiwaite watoto "kundi la herufi" mbele ya wenzao. Mdogo wangu angekimbia.

#25 Mama Baraka

Naona kila mmoja ana jibu lake: mshahara, mahudhurio, mambo yanayofundishwa, mpangilio wa watoto, robo saa ya Msimamizi. Swali langu sasa ni la mzazi. Jumatano kuna kikao cha wazazi na kituo. Niombe nini ambacho hawawezi kuniambia hakipo?

#26 Msimamizi wa Zamu

Omba mpango wa programu ya ELO-P wa wilaya yako. Lazima uidhinishwe na bodi ya shule katika kikao cha wazi na uwekwe kwenye tovuti ya wilaya. Soma sehemu inayohusu ubora na ile ya wahudumu, kisha uulize kituo chenu kilijitathmini lini mara ya mwisho, kipengele gani kilipata alama ya chini, na nini kilibadilishwa kwa sababu hiyo. Wakikuonyesha alama bila mabadiliko, uliza jina la anayepaswa kuketi na wahudumu. Uliza kwa upole, kwa kuwa msimamizi aliye mbele yako huenda ndiye anayeziba zamu tatu.

#27 Kijana wa Filimbi

Ongeza swali moja: wahudumu wanalipwa saa ngapi za maandalizi kwa wiki? Jibu likiwa sifuri, mengine yote yaliyomo kwenye mpango huo uyasome ukilijua hilo.

#28 Dereva wa Alfajiri

Na la basi la kiangazi, Mama Baraka. Nami nitakuwepo Jumatano, zamu yangu inaanza usiku. Tukae pamoja, wewe uulize la alama na mimi niulize la basi.

#29 Wakili Nyando

Mkishatoka kikaoni mtujuze humu. Ningependa hasa kujua kama wazazi wana haki ya kuketi na kutazama shughuli kama anavyofanya Msimamizi, kwa maana kwetu mzazi huishia getini.

#30 Msimamizi wa Zamu

Kwenye kituo changu wanaketi, mradi wamejiandikisha ofisini na hawapigi picha. Vituo vingine vinakataa, na sababu wanazotoa zinatofautiana. Mama Baraka, liulize na hilo.